Mteja kateleza kwenye mawese dukani kwangu Mwanga, nimeletewa notisi ya karibu milioni 12, nalipa au silipi?

bi_chikichi

Habari za jioni wakuu. Naomba wanaojua sheria humu wanisaidie maana tangu juzi usingizi umekata. Nina stoo ya mawese na mise (mafuta ya kokwa za chikichi) hapa Mwanga, Kigoma mjini, nauza jumla na rejareja, madumu ya lita 20 na zile chupa za lita moja. Kuna mama mmoja mteja wangu wa siku nyingi, anakaanga mihogo na sambusa, mafuta anachukua kwangu. Alikuja kubeba dumu lake asubuhi, ile anaingia tu hatua ya pili ya tatu chini, kaangukia mkono. Kumbe pembeni ya mlango kuna dumu limechanika chini na mawese yametambaa mpaka njiani. Sakafu yangu ni ile ya zamani ya saruji nyekundu inayosuguliwa mpaka inang'aa, mawese yakimwagika pale huyaoni mpaka uiname uangalie kwa pembeni mwanga wa mlangoni uyapige, na mtu anayetoka juani ndio kabisa, macho bado hayajazoea ndani.

Aliyechana dumu ni kuli, sio mfanyakazi wangu, ni hawa vijana wanaosubiri gari nje, namlipa kwa kila dumu analoshusha. Badala ya kubeba akaburuza.

Nikamkimbiza mama hospitali ya Maweni, eksirei ikaonyesha kifundo cha mkono kimevunjika, kafungwa POP (plasta ngumu), nikalipa mimi 220,000 na risiti ninazo. Baadae nikampelekea na unga na sukari nyumbani kama binadamu tu. Sasa mwanae kaja kutoka Dar, hata salamu hakuna, kanikabidhi barua ya wakili: matibabu 450,000, kupoteza kipato milioni 3, maumivu na usumbufu milioni 8, gharama za barua 500,000. Siku saba nisipolipa mahakamani, na kwa mdomo akaongeza kwamba ataanzia polisi.

Mlangoni nimebandika karatasi, tena nimeilaminetisha, UKIINGIA NDANI NI KWA HATARI YAKO MWENYEWE. Shemeji yangu anasema kwa kuwa nililipa hospitali basi nimeshakiri kosa, nisubiri tu kulipa. Mtaji wangu wote haufiki hata nusu ya hela hiyo jamani. Nifanyeje?

mzee_wa_gungu

Dada usilipe hata mia. Aliyemwaga ni kuli, karatasi ipo mlangoni, na mtu mzima anaangalia anapokanyaga, au alikuwa anachati? Hawa watoto wa Dar wakisikia mama kaumia dukani wanaona kiwanja kimepatikana. Barua ya wakili sio samansi ya kuitwa mahakamani, unaipokea unaiweka kabatini maisha yanaendelea. Enzi zetu mtu akiteleza anacheka watu wanacheka anainuka. Hiyo sheria ya kuteleza imeandikwa wapi, nionyesheni kifungu

sheria_mkononi_tbr

Mzee shikamoo, lakini hapo unampoteza dada wa watu. Nipo Tabora, kazi yangu ni hizi hizi za madai, ngoja nianze na swali lako la kifungu. Huwezi kukuta sheria ya bunge inasema "mtu akiteleza dukani alipwe". Uzembe wa aina hii kwetu unatoka kwenye komon loo ya Uingereza, yaani sheria inayotokana na hukumu za majaji, iliyopokelewa nchini kwa tarehe ya 22 Julai 1920, hilo utalikuta kwenye Sura ya 358 ya sheria zetu. Hukumu zao za baada ya hapo hazitufungi ila mahakama zetu zinazisikiliza sana, ndio maana mpaka leo mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa kwanza anaanza na yule mama wa Scotland na konokono kwenye chupa ya soda, kesi iliyoamuliwa 1932. Pale ndipo majaji waliposema wazi kwamba una wajibu wa kuwa mwangalifu kwa mtu yeyote ambaye ungetegemea kitendo chako kitamgusa, hata kama hamna mkataba. Mteja uliyemfungulia mlango aje akupe hela ndio wa kwanza kabisa kwenye hiyo orodha.

Kwa hiyo dada kama wajibu upo au haupo tusipoteze muda, upo. Mimi nataka kujua mambo mengine. Dumu lilichanika saa ngapi na mama kaanguka saa ngapi? Kuna mtu yeyote wa dukani aliyejua limevuja kabla hajaanguka? Wewe mwenyewe ulikuwa wapi? Na baada ya tukio kuna meseji yoyote uliandika kwa huyo mama au mwanae? Jibu kama ilivyo, usinipambie, huku hakuna hakimu.

bi_chikichi

Asante kaka. Mimi nilikuwa Kibirizi kwenye boti napokea mzigo mwingine, dukani kulikuwa na binti anayeniuzia. Anasema madumu yalishushwa kama saa mbili na nusu, kuli alipomaliza akamwambia binti "dada, lile moja limetoboka", binti akaligeuza likae mdomo chini pembeni ya ukuta akasema atamwaga mchanga, wakaja wateja wawili wakawa wanapimiwa, kisha mama ndio akaingia. Yaani nusu saa hivi au zaidi kidogo. Mchanga upo kwenye ndoo nyuma ya mlango siku zote, nimewaambia mara elfu mafuta yakimwagika mchanga au maranda kwanza ndio uendelee na mteja.

Meseji niliandika jioni ile ile WhatsApp, "mama pole sana, usiwe na wasiwasi matibabu yote juu yangu". Hiyo tu.

sheria_mkononi_tbr

Sawa. Sasa hapo picha imebadilika, na wakuu mnaomshambulia kuli naomba mnisome vizuri. Kesi hii haihusu nani kamwaga. Inahusu ile nusu saa.

Kumwaga ni ajali, duka la mawese lisilomwagika mawese halipo. Mahakama itauliza kati ya kumwagika na kuanguka mwenye duka alifanya nini. Kuna kesi moja inafanana na yako mpaka inatisha, ya 1976, mahakama ya rufaa kule Uingereza. Mama mmoja kateleza kwenye yogati ndani ya supamaketi ya Tesco, Liverpool. Yule mama hakujua yogati ilikuwa pale kwa muda gani, anajua tu kateleza. Kampuni ikajitetea sakafu inafagiwa mara tano au sita kwa siku na wafanyakazi wana maelekezo wakiona kitu kimemwagika wasimame hapo hapo mpaka mwingine aje kusafisha. Utetezi mzuri ukiusoma kwenye karatasi. Majaji wawili kati ya watatu wakasema vitu hivi havimwagiki wala kuachwa sakafuni kama mwenye duka yuko makini, kwa hiyo ni juu yake aonyeshe ajali ingetokea hata kama utaratibu wake ungefuatwa, akakosa cha kuonyesha, akalipa. Wewe dada yako ni ngumu kuliko ya Tesco, maana pale hakuna aliyethibitisha kuwa mfanyakazi aliiona yogati. Kwako binti aliambiwa kwa mdomo. Akijua mfanyakazi wako akiwa kazini umejua wewe, hata ungekuwa Bujumbura siku hiyo. Uzembe wa mfanyakazi akiwa kwenye shughuli za mwajiri unambeba mwajiri, na ile kusema "nimewaambia mara elfu" inakusaidia kumfokea binti, mahakamani haikutoi.

Kwa hiyo kuli hata ukimthibitisha kuwa ni kibarua huru, hajakuokoa. Yeye alitoa taarifa. Mkitaka mnaweza kumuunganisha kama mtu wa tatu kwenye kesi ila niambie ukishinda utamdai nini, ndala?

Ila usizimie, huko kwenye hesabu ndio kuna maneno. Nimalize mkutano nirudi.

gereji_ngambo

Wakati tunamsubiri wakili niongelee hiyo karatasi ya hatari yako mwenyewe maana mimi iliniponza. Nina gereji Tabora mjini Ng'ambo, ukutani niliandika kwa rangi kabisa PIKIPIKI INALALA KWA HATARI YA MWENYEWE. Ikaibiwa boksa ya mteja usiku, mlinzi kasinzia, mimi kifua mbele bango lipo. Mwenye pikipiki akaja na wakili, swali likawa moja tu, huyu mteja alilisoma bango kabla hajakukabidhi funguo au baada? Na bango lilikuwa ndani nyuma ya matairi. Tukakubaliana nje nikalipa kwa awamu, nililia. Wakili wake akaniambia mtu akikuachia mali yake unatakiwa uitunze kama mwenye akili timamu anavyotunza ya kwake ya thamani hiyo hiyo, rangi ya ukutani haiajiri mlinzi mwingine. Kwa hiyo dada ya kwako hata ukiilaminetisha mara tatu mi siiamini

fundi_vitenge_ujiji

Naona wote mnamuangalia mwenye duka. Huyo mama mkono ndio jiko lake. Mimi ni fundi cherehani, nikivunjika kifundo sio wiki mbili, POP wiki sita na ikitoka vidole havishiki sindano, mteja keshahama. Mnasema mwanae ana tamaa, haya anaweza kuwa nayo, ila wiki zote hizo nani anakaanga mihogo na watoto wanakula nini? Unga na sukari ni jambo jema dada yangu lakini ni wa siku tatu. Mimi ningekuwa wewe ningeenda kumuona mama mwenyewe bila huyo kijana, hamjagombana nyie, wateja wa siku nyingi.

mzee_wa_gungu

Fundi nakuelewa, ila milioni 8 ya maumivu? Kwa mkono? Hela hiyo unanunua kiwanja Gungu na tofali juu. Halafu hamjibu hoja, mama alivaa nini mguuni, kama ni ndala zimelika mpaka zinang'aa na yeye ana sehemu yake. Na mwenye nyumba je, si ndio kaweka hiyo sakafu ya mtelezo, ashtakiwe yeye

sheria_mkononi_tbr

Nimerudi. Mzee hoja ya ndala sio ya kijinga, inaitwa uzembe wa kuchangia, zamani ilikuwa inaua madai yote ya mlalamikaji, siku hizi inapunguza tu fidia kwa kiasi cha uzembe wake. Lakini dada mwenyewe katuandikia mawese kwenye sakafu nyekundu hayaonekani mpaka uiname. Huwezi kusema hatari haionekani halafu umlaumu mtu hakuiona. Na mwenye nyumba, swali ni nani anayeshikilia eneo siku hadi siku, anayefungua asubuhi na kuamua mteja apite wapi, huyo ni mpangaji. Ingekuwa ameteleza kwa sababu ngazi ya jengo imebomoka ningesema tumfuate mwenye nyumba.

Karatasi ya mlangoni: gereji kasema vizuri. Mteja akiumia mwili kwa hatari ambayo nyie wenyewe mnaijua na hamjamwambia, tangazo la jumla namna ile halina nguvu ya kukufunika. Tangazo lenye maana lingekuwa binti kuweka ndoo katikati na kusema mama zunguka huku pamemwagika. Hiyo ingeweza kumaliza kesi yote.

Hospitali: shemeji yako kakosea. Kumlipia mtu matibabu hakukufanyi umekiri uzembe, ungemlipia hata jirani. Ile meseji watakuja nayo, na ujumbe wa simu unapokelewa kama ushahidi tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ila umesema matibabu juu yako, hujasema ni kosa lako. Simamia hapo hapo. Kuanzia leo usiandike "samahani kwa uzembe wetu" popote, ukitaka kumuona mama nenda, fundi kashauri vizuri sana, ongea kama mtu na mtu, ila kitu cha maandishi juu yake iandikwe kwamba ni mazungumzo ya kutafuta suluhu bila kuathiri haki za upande wowote.

Polisi mwache aende. Hili ni dai la fidia, sio jinai, polisi hawakusanyi fidia za watu. Na kama alikutajia Mahakama ya Mwanzo, pale madai yanayosikilizwa ni ya mila, ya dini ya Kiislamu na madeni ya mikataba, uzembe wa komon loo unaanzia Mahakama ya Wilaya. Muda wa kudai ni miaka mitatu, kwa hiyo zile siku saba ni za wakili sio za sheria. Lakini mzee kabatini HAPANA. Barua unaijibu. Na siku ukiletewa samansi yenye hati ya madai una siku 21 kuweka utetezi wa maandishi, ukilala kesi inasikilizwa upande mmoja na hiyo milioni 12 inaweza kupita hivi hivi wewe unapima mafuta.

Sasa hela. Kuna madhara yanayohesabika na yasiyohesabika, na mahakama haiyatazami kwa jicho moja. Yanayohesabika lazima yatajwe moja moja na yathibitishwe kikamilifu, Mahakama ya Rufani ilishalisema hilo kwenye Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe 1992 na kila wiki linarudiwa. Matibabu 450,000: risiti za 220,000 ni zako, yaani anakudai hela uliyolipa wewe. Aonyeshe risiti zake za hiyo 230,000 iliyobaki, labda zipo, za kliniki na bodaboda, zikiwepo lipa bila kelele. Kipato milioni 3: kwa wiki ngapi, faida ya siku ngapi, daftari liko wapi? Hapa nakupa siri dada, daftari unalo wewe. Kama anachukua mafuta kwako kila siku na unaandika, unajua anatumia lita ngapi kwa wiki, na kutoka hapo mtu mwenye akili anakadiria biashara yake vizuri tu. Usilifiche, litumieni kukaa mezani. Gharama za barua 500,000 toa, hukumtuma wewe wakili, na gharama za kesi mahakama ndio inaamua kesi ikiisha.

Milioni 8 ya maumivu ni ile isiyohesabika, hakimu anakadiria, hakuna risiti ya maumivu. Hapo sikupi namba maana inategemea daktari ataandika nini, mkono umerudi wote au umebaki na kilema. Yule mama wa Tesco alipata pauni 137 na peni 10, msinipigie mahesabu ya kubadilisha fedha ya leo, ila mjue huwa haimaanishi umetajirika.

bi_chikichi

Mungu akubariki kaka yangu. Daftari lipo kweli, anachukua dumu moja kila baada ya siku nne tano na halipi siku hiyo, analipa akija kuchukua lingine, tena lile la mwisho hajalipia. Nikate humo humo? Na bima je, benki waliponipa mkopo walinikata bima ya stoo.

sheria_mkononi_tbr

Hapana usikate mwenyewe kimya kimya, deni la dumu ni mkataba, hili ni jambo lingine, ukianza kukata wataona umefungua vita. Litaje kwenye mazungumzo, mkikubaliana lifutwe ndani ya kiasi mtakachoandika. Bima ya benki mara nyingi ni ya moto na wizi, inalinda mkopo wao. Inayolipa mteja aliyeumia kwako ni bima ya dhima kwa umma, soma cheti chako kama neno hilo limo, kama limo toa taarifa leo kabla hujaahidi hela yoyote, kampuni za bima zinachukia mtu anayekubali madai kwanza ndio anawapigia.

Na mkikubaliana kiasi mwandikishiane mbele ya wakili, mama mwenyewe asaini na sio mwanae, iandikwe wazi ni malipo ya mwisho kwa tukio hilo. Mama akiwa bado na POP msikimbilie kufunga hesabu, daktari aseme kwanza mkono umepona kiasi gani, la sivyo atarudi na atakuwa na haki ya kulalamika kuwa alisainishwa akiwa hajui hali yake. Wakati mnasubiri mpe kitu cha wiki hadi wiki, kiandikwe.

gereji_ngambo

Hapo kwenye mama kusaini mwenyewe pigia mstari. Mimi nilimlipa kaka wa mwenye pikipiki awamu ya kwanza, hela haikufika

sheria_mkononi_tbr

Kingine dada, binti aandike leo alichokiona kwa mkono wake, saa ngapi, nani alisema nini, na asiandike kwa kukupendelea. Mpige picha na ile sakafu ikiwa na mafuta na ikiwa haina, kabla mwenye nyumba hajapaka rangi nyingine. Na kuli mtafute achukuliwe maelezo, yeye ndio anajua saa aliyotoa taarifa, akivuka kwenda Kalemie, Kongo, humpati tena.

mzee_wa_gungu

Kuli gani, yule mrefu mwenye kofia ya Simba? Huyo anashinda Kibirizi siku za boti za Kongo. Kesho nashuka huko kununua migebuka, ntamleta dukani kwako mwenyewe. Ila milioni 8 bado nakataa

bi_chikichi

Ndio huyo huyo mzee wangu. Njoo naye kabla ya saa nne, mchana huwa analala.